Bendi tano, tiketi moja

SHANGAZI ANAJIBU: barua za wasomaji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Sakina, Arusha. Natunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tangu nikiwa kidato cha pili napenda muziki wa magitaa, ile roki ya bendi ndogo ndogo ambazo redioni huzisikii. Nyumbani na kazini wananiita "yule wa makelele".

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kuna onyesho la bendi tano usiku mmoja, huku Njiro. Tatu zinatoka Nairobi, moja Dar, na moja ni vijana wa hapa hapa Arusha. Kiingilio ni shilingi 20,000. Nimewauliza marafiki sita. Wawili walicheka, mmoja alisema atakuja nikimlipia, waliobaki wanaona pesa hiyo bora waende nayo kwenye amapiano. Mama kasema mtoto wa kike hakeshi peke yake kwenye muziki wa mashetani.

Tiketi nimeshanunua, moja tu. Lakini kila nikiitazama naona aibu. Nitasimama wapi? Nitaongea na nani? Si wataniona nimekosa watu? Niende au niiuze?

Wa Makelele, Sakina

Marahaba mwanangu. Usiiuze.

Ngoja nikueleze kwa nini nimekujibu upesi hivyo. Mwaka 2011, nikiwa na miaka 39, nilikwenda Nairobi kusikiliza bendi nne nikiwa na mwalimu mwenzangu. Bendi ya mwisho ndiyo iliyonivusha mpaka wa Namanga. Wimbo wao mmoja nilikuwa nao kwenye simu, nikiusikiliza usiku nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Bendi ya tatu ilipomaliza, mwenzangu akasema miguu inamuuma, twende. Tukaondoka. Teksi ilikuwa inatoka getini nilipousikia wimbo wangu unaanza, kwanza besi peke yake, halafu dramu ikaingia. Kioo cha dirisha kilikuwa chini. Dereva akakata kona, nikabaki nasikia mdundo tu, na mdundo nao ukapotea. Simlaumu mwenzangu, alikuwa amechoka kweli. Lakini kesho yake tulifika Namanga sijafungua mdomo.

Mwaka uliofuata nilirudi peke yangu, na tangu hapo kila onyesho lenye bendi nyingi nakwenda hivyo hivyo. Bendi nyingi zina jambo lake: watu wawili hawapendi bendi zilezile. Mmoja amekuja kwa ajili ya ya pili, mwingine ya tano, na anayechoka mapema ndiye anayeamua saa ya kuondoka. Ukiwa peke yako unasikiliza mpaka waya wa mwisho uchomolewe.

Sitaki kukudanganya kwamba ni rahisi. Ila ugumu wenyewe hauko pale unapoudhania. Muziki ukishaanza, hakuna mwenye mwenzake pale. Sauti ni kubwa kiasi kwamba hata aliyemshika mpenzi wake mkono hawezi kumwambia neno, wote wanatazama mbele, na wewe unatazama mbele. Upweke unakuja bendi ikishuka. Taa zinawaka, mafundi wanapanda kukunja nyaya na kubadilisha maiki, na kila mtu anawageukia aliokuja nao. Kazi hiyo inachukua dakika 20, pengine 40 mambo yakikwama. Bendi tano zina mapengo manne katikati. Piga hesabu, wewe ni mtu wa hesabu: ni kati ya saa 1 na dakika 20 na saa 2 na dakika 40 za kusimama bila muziki. Jiandae kwa muda huo, kwa sababu magitaa yenyewe yatajitunza.

Mara yangu ya kwanza peke yangu sikulijua hilo. Kila bendi ikishuka nilikuwa nainamia simu, nasoma ujumbe wa zamani ili nionekane nina shughuli. Mpaka onyesho linaisha, saa saba usiku, simu imezima, na mdogo wangu aliyeolewa kule ndiye aliyekuwa aje kunichukua nikimpigia. Mlinzi wa getini, baba mtu mzima, aliichomeka simu yangu kwenye kibanda chake, nikakaa juu ya kreti la soda karibu nusu saa. Namwombea mpaka leo. Kwa hiyo pawabenki iwe ndani ya mkoba, na simu ikae mfukoni.

Pengo moja, tazama mafundi. Nasema kweli. Sogea mbele wakati wengine wanakwenda kaunta, uangalie jukwaa linavyobomolewa na kujengwa. Mara nyingi bendi zinachangia dramu moja na spika za magitaa, lakini kila mpiga dramu anakuja na matoazi yake na kuketi anavyotaka, kwa hiyo utaona viti vinapandishwa na kushushwa. Mpiga besi anapanga vikanyagio vyake sakafuni kama mama anavyopanga vikombe. Halafu "moja mbili, moja mbili", na mtu wa mitambo kule nyuma anapandisha dole gumba. Ukishaona hivyo, bendi ikianza utasikia vitu ambavyo hukuwa unavisikia. Na utashangaa: mtu wa pembeni yako naye anatazama mafundi, na naye kaja peke yake. Mazungumzo ya watu hao huanza kwa "hilo gitaa ni la aina gani?" Huanzi kwa jina wala kabila.

Pengo lingine, nenda kwenye meza ya fulana. Hapa niseme kidogo, maana ni jambo ninalolipenda. Hiyo roki unayoipenda wenyewe wanaiita indi, na maana yake ni kujitegemea: bendi haina kampuni kubwa ya kuilipia studio na matangazo. Mwezi Januari mwaka 1977, vijana wa Manchester, Uingereza, walioitwa Buzzcocks, walitoa sahani yao ya kwanza kwa pauni 500 walizokopa kwa ndugu na marafiki. Walianza na nakala 1,000 na lebo yao wenyewe. Hawakuwa wa kwanza duniani kutoa sahani wenyewe, lakini wengi waliona kumbe inawezekana, wakafuata. Bendi zako za Nairobi zinaishi hivyo hivyo. Anayepiga gitaa saa tatu ndiye anayekuuzia fulana saa nne. Mafuta ya gari la kuwarudisha Namanga yanatoka kwenye kiingilio chako na kwenye ile meza. Kwenye ukumbi wa watu mia na hamsini, mtu mmoja anaonekana. Mwambie mpigaji wimbo wa ngapi ulikupendeza, taja kipande chenyewe. Sijaona msanii wa indi aliyechoka kusikia hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo, fika mapema. Kawaida bendi kubwa hupiga mwisho na ndogo hufungua, kwa hiyo nabashiri vijana wa Arusha ndio watakaopanda kwanza, ukumbi ukiwa nusu mtupu na watu wamejibana ukutani. Simama mbele. Mtu mmoja anayesikiliza kwa moyo, katikati ya sakafu tupu, anawapa nguvu ambayo hawataisahau. Arusha tuna deni hapa. Wilson Peter Kinyonga na ndugu zake walitoka Tanga wakaja hapa mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi, ambako dunia ikawajua kwa jina la Simba Wanyika. Jina la mji wetu lilibaki huku. Sisemi wangezuiwa kwa nguvu, mwanamuziki huenda palipo na kazi. Lakini vijana wanaoanza wapate angalau watu wa kuwapigia makofi hapa nyumbani.

Umeuliza usimame wapi. Baada ya bendi ya kwanza, tafuta meza ya fundi mitambo, ile yenye vitufe vingi na taa ndogo, kwa kawaida iko katikati kuelekea nyuma. Simama mbele yake kidogo au ubavuni. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale, kwa hiyo pale ndipo muziki unasikika kama ulivyokusudiwa. Na kwa mwanamke aliye peke yake pana faida nyingine: pana mwanga, pana wafanyakazi karibu, na huzibwi njia ya kutoka. Pale mbele kabisa, bendi za kasi zikipiga, vijana hurukaruka na kusukumana mabega. Si ugomvi, akianguka mmoja wanamwinua. Ukitaka kuingia humo, ingia na viatu vya kufunga kamba. Usipotaka, kaa mbali na duara lao. Usisimame mbele ya spika kubwa, hiyo nitaieleza kwenye barua ya tatu.

Kinywaji kifunguliwe mbele ya macho yako na kisitoke mkononi. Ukienda chooni hujakimaliza, kiache moja kwa moja. Mtu akikuuliza "uko peke yako?", jibu "nimekuja kusikiliza", halafu geukia jukwaa. Huna wajibu wa kumweleza unakaa wapi wala nani anakusubiri. Akiendelea, au akikushika, sema kwa sauti, wazi, "usinishike", na mfuate mlinzi au fundi. Usimwonee haya mtu ambaye hakukuonea haya wewe.

Sasa mama. Mwanangu, mimi nadhani mama haogopi gitaa. Anaogopa saa nane usiku kati ya Njiro na Sakina. Mashetani ni neno alilolipata karibu. Mimi nimekulia Machame, kwenye usharika wenye matarumbeta, na nakuhakikishia Pasaka alfajiri tarumbeta ishirini zinalia kuliko bendi yoyote utakayoiona. Kwaya za siku hizi zina gitaa la solo, ridhimu, besi na dramu, vyombo vilevile. Na roki yenyewe si ngeni nchini. Miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya Sunburst, iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika, na rekodi zao za mwaka 1973 hadi 1976 zilitolewa upya mwaka 2016. Unaweza kumwambia mama yote hayo. Lakini usianze nayo. Anza na jambo linalomnyima usingizi: nani anakurudisha.

Vifodi, yaani daladala, kwa saa hizo usivitegemee. Tafuta dereva wa bajaji au teksi unayemfahamu, yule anayewapeleka mtaani kila siku, kubaliana naye bei mchana na umlipe nusu. Mpe mama namba yake mbele ya macho yako, na umpe mama pia jina la ukumbi. Bodaboda usiku huo hapana, hata akiwa jirani yako. Halafu mwahidi mama simu moja katikati ya onyesho, kwenye pengo la tatu, na uipige kweli. Ukiipiga mara hii, mara ijayo mazungumzo yatakuwa mafupi.

Kula kabla hujatoka, chakula kizito. Mimi nakula mtori. Na kama ni miezi ya baridi beba koti, maana ukitoka na jasho ndani ya ukumbi ukakutana na hewa ya usiku ya Arusha, utatetemeka mpaka nyumbani. Langu nililinunua soko la Memorial, Moshi, mtumba wa jinzi nzito, lina mifuko minne, na ndilo linalobeba tiketi, pawabenki, vizibo vya masikio na pesa ya kurudi iliyotengwa peke yake.

Umeniuliza kama wataona umekosa watu. Februari 2014 nilikuwa Zanzibar, Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo bendi zilifuatana mpaka usiku wa manane ndani ya Ngome Kongwe. Nilikaa kwenye ngazi za mawe. Kushoto kwangu alikaa mzee wa kanzu na kofia, peke yake, akigonga goti kwa kidole kimoja tangu bendi ya kwanza. Bendi ikishuka, anafumba macho. Ikipanda, anafumbua. Nilimtazama usiku mzima na sikuwaza hata mara moja kwamba amekosa watu. Niliwaza kwamba anajua alichokifuata. Watakaokutazama, kama watakutazama, wataona hivyo.

Jambo moja ambalo sijapata dawa yake: ukirudi, masikio yanavuma, moyo umejaa, na nyumba imelala. Huna wa kumwambia "uliona pale alipokata waya akaendelea kupiga?" Hilo linauma. Mimi huandika kwenye daftari kabla sijavua viatu, bendi kwa bendi, hata mistari mitatu. Asubuhi nampigia mdogo wangu, yeye hapendi roki hata kidogo, ananisikiliza anachambua mboga.

Wewe niandikie mimi. Nataka kujua vijana wa Arusha walipiga ya ngapi, na mpiga besi wao alisimama upande gani.

*

Habari za kazi Shangazi,

Mimi ni baba wa miaka 58, Pasua, Moshi. Kijana wangu wa pili yuko kwenye bendi ya magitaa na wenzake wa chuo. Wanapiga kwenye onyesho la bendi kadhaa Arusha. Hajanikataza, lakini hajanialika. Mke wangu hapendi kelele. Nataka kwenda peke yangu nikamwone. Je, nitamwaibisha?

Baba wa Mpiga Dramu

Njema kaka yangu, na hongera kwa kijana.

Nenda. Lipa kiingilio mlangoni kama watu wengine, usiseme wewe ni baba wa nani. Simama karibu na fundi mitambo, usiende nyuma ya jukwaa na usimpige picha kwa taa ya simu. Mpiga dramu akiwa kazini hatakuona, taa zinampiga usoni. Bendi yake ikimaliza usiondoke, zisikilize na nyingine mbili, ili kesho uweze kumlinganisha kwa haki.

Kesho yake, wakati wa chai, mwambie ulikuwepo. Usimwambie "mmejitahidi", neno hilo linamkata mtu maini. Mwambie kitu kimoja ulichokisikia kweli. Kwa umri wetu, wewe na mimi tumekua na bendi za Sikinde na Msondo, na tunajua dramu inapochelewa na inapowahi. Kama alishikilia mdundo pale gitaa lilipopotea, mwambie hivyo hivyo. Baba yangu hakuwahi kuja kunisikia nikiimba kwaya, na mimi mpaka leo nina miaka hamsini na kitu, kila nikiimba natazama mlango.

*

Shangazi shikamoo. Niko Usa River. Nilikwenda onyesho la bendi nne wiki iliyopita nikasimama mbele ya spika. Masikio yalivuma siku nzima. Niweke pamba mara nyingine?

Mwenye Masikio

Marahaba. Pamba haikufai, inazuia sauti kidogo sana. Nunua vizibo vya sponji vya masikio, vile vya mafundi wa viwandani. Vizungushe kwa vidole viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka vijae. Muziki utausikia wote, umepungua makali tu.

Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanakubali desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo bendi ya roki inazifikia bila shida, unabaki na dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100 na ziwe na vizibo kwa wateja. Seli zinazopokea sauti ndani ya sikio zikifa hazioti tena, kwa hiyo usizoee kule kuvuma. Mapengo ya kubadilisha vyombo toka nje kabisa, masikio yapumzike.

Kama mpaka unasoma hapa bado yanavuma, au sikio moja linasikia kidogo kuliko jingine, usisubiri. Nenda hospitali yenye daktari wa masikio. Hospitali ya KCMC, Moshi, wanaye.